Bustani Yangu, Bustani Yako

Somo hili linahusu bustani ya mboga ya nyumbani. Ni habari za darasa moja la kisomo katika kijiji cha tambarare, chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Moshi. Mimi ni mratibu wa elimu ya watu wazima wa eneo hilo. Watu wa darasa hilo nimewaita kwa majina wanayoitana wao wenyewe.

Soma polepole. Ukimaliza sehemu moja, pumzika kidogo. Mweleze mwenzako yale uliyoyasoma. Kisha endelea na sehemu nyingine.

1. TAARIFA ZA MASIKA

Katika nchi yetu ya tambarare, mvua za masika huanza mwezi wa Machi. Huendelea mpaka mwezi wa Mei. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mtu hukimbilia shamba la mahindi. Bustani ya mboga husahauliwa. Mwezi wa Agosti ukifika, nchi imekauka. Hapo ndipo watu huanza kulalamika kuwa mboga ni ghali gulioni.

Darasa letu lina wanakisomo 18. Hukutana kila Jumatano saa kumi alasiri chini ya mwembe. Mwaka huo darasa lilijiwekea desturi. Kabla ya kufungua vitabu, kila mmoja hutoa taarifa ya bustani yake. Taarifa ina mambo matatu:

Nimepanda nini?
Kinaendeleaje?
Nimepata shida gani?

Kila mtu huandika taarifa yake ubaoni kwa mkono wake. Wenzake huisoma kwa sauti. Jumatano moja mwishoni mwa Machi ubao ulikuwa na taarifa hizi:

Bibi Mlezi: Mchicha umeota. Kuku wameparua tuta moja.

Mzee Fundi: Nyanya zimeiva. Wadudu ni wengi.

Mama Pacha: Sina bustani.

Mama Pacha aliandika maneno mawili tu. Kisha aliweka chaki chini, akarudi kuketi. Alikuwa na mimba ya miezi minne.

Bibi Mlezi alimwuliza, "Mwanangu, mwaka jana si ulipanda?"

Mama Pacha akajibu, "Nilipanda, Bibi. Nilimwaga pakiti nzima ya mbegu siku moja. Mvua kubwa ikaja ikazoa mbegu. Zilizobaki zikaliwa na kuku. Nikasema bustani si bahati yangu."

Halafu alitoa kadi yake ya kliniki. Alisema, "Lakini wiki iliyopita nilipimwa damu. Kadi imeandikwa 9. Muuguzi amesema mama mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Amenipa vidonge vya kuongeza damu. Ameniambia pia nile mboga za majani, maharage, nyama au dagaa nikipata, na matunda. Nimerudi nyumbani nikajiuliza, mboga za kila siku nitanunua kwa fedha gani?"

Darasa lilinyamaza. Wengi wa akina mama waliokuwepo waliwahi kuambiwa maneno hayo hayo. Upungufu wa damu kwa mama mjamzito si jambo dogo. Mama huchoka upesi na kuishiwa pumzi. Akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, maisha yake huwa hatarini. Mtoto naye huweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo.

2. NYANYA ZA MZEE FUNDI

Mzee Fundi hutengeneza baiskeli. Ana bustani ya nyanya karibu na mfereji. Siku hiyo alikuwa amekuja na ndoo ndogo ya nyanya nyekundu, nzuri sana. Alitaka kumpa kila mwenzake nyanya mbili.

Alisema, "Mama Pacha, chukua nne. Wewe ni wawili."

Bibi Mlezi alikuwa wa kwanza kupokea. Akaifuta nyanya kwa upindo wa kanga, akataka kuiuma. Mara akasita.

"Baba, huu unga mweupe ni wa nini?"

Mzee Fundi akacheka. "Ni dawa tu hiyo, Bibi. Nilipiga juzi jioni."

Mama Pacha akauliza, "Chupa yake imeandikwaje?"

Chupa ilikuwa ndani ya mfuko wa baiskeli. Mzee Fundi akaileta. Mama Pacha akaishika kwa kipande cha karatasi, akaanza kusoma. Maandishi yalikuwa madogo. Alifuata mstari kwa kidole, neno baada ya neno. Alipofika katikati ya karatasi ya chupa, alisoma kwa sauti:

"Usivune kabla ya siku saba kupita."

Mwenzake mmoja akaenda ubaoni. Akaandika:

Dawa ilipigwa: Jumatatu jioni.
Leo: Jumatano.
Siku zilizopita: 2.
Siku zilizobaki: 7 - 2 = 5.

Hakuna aliyesema neno. Nyanya zilirudishwa kwenye ndoo moja moja. Mzee Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Mwishowe akasema, "Jana lilikuwa gulio. Nimeuza ndoo mbili. Zote amenunua mama ntilie wa pale stendi."

Akapanda baiskeli yake, akaondoka.

Tulimngoja mpaka jua likazama. Aliporudi alikuwa na ndoo moja na nusu za nyanya. Nusu ndoo ilikuwa imekwisha kupikwa. Alimrudishia mama ntilie fedha zake zote.

Alisema, "Amenifokea mbele ya watu. Nilistahili."

Jioni ile alichimba shimo mbali na mfereji, akazifukia nyanya zote. Zile zilizobaki shambani hakuzigusa mpaka siku saba zikatimia.

Hatukusikia kuwa mtu aliumwa. Lakini hilo lisitudanganye. Sumu nyingine humdhuru mtu siku ile ile. Nyingine humdhuru polepole kwa miaka mingi, naye asijue ameipata wapi.

Jumatano iliyofuata Mzee Fundi alisimama mbele ya darasa. Alisema maneno ambayo mimi sitayasahau.

"Ndugu zangu, kusoma najua. Cheti ninacho. Lakini chupa ile sikuisoma. Nilidhani kusoma ni kwa ajili ya darasani."

Darasa likatunga kanuni zake za dawa za wadudu. Ziandike nawe katika daftari lako:

1. Soma karatasi ya dawa kabla ya kununua. Kama maandishi ni madogo au ni ya lugha usiyoijua, mwombe Bwana Shamba au Bibi Shamba akusomee.

2. Tazama rangi ya utepe ulio chini ya karatasi. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano ni sumu ya hatari. Buluu huonya kuwa na tahadhari. Kijani ina sumu ndogo zaidi. Hata hivyo, hakuna rangi inayosema "Kunywa."

3. Pima dawa kama ilivyoandikwa. Usizidishe.

4. Vaa nguo za mikono mirefu, suruali ndefu, viatu, glavu na kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Usipige dawa ukielekea upepo unakotoka.

5. Andika tarehe uliyopiga dawa. Hesabu siku za kungoja. Usivune, usile, usiuze kabla hazijatimia.

6. Chupa tupu ya dawa isitumiwe kuwekea maji, mafuta wala maziwa. Itoboe mtu asiweze kuitumia tena.

7. Mtu akipatwa na sumu, mvue nguo zilizolowa dawa. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Mpeleke hospitali upesi pamoja na chupa ya dawa. Usimtapishe mpaka mganga aseme.

Wadudu wachache katika bustani ndogo hawahitaji dawa ya dukani. Viwavi waokote kwa mkono asubuhi mapema. Vidukari wanaokaa chini ya majani waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha husaidia pia. Chuja maji yake, kisha nyunyizia jioni.

3. BUSTANI YA MAMA PACHA

Darasa liliamua kumsaidia Mama Pacha kuanza upya. Siku ya Jumamosi watu saba walikwenda kwake na majembe. Bibi Shamba wa kata naye alikuja. Hatua walizofuata ni hizi.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali. Walichagua mahali karibu na jiko, penye jua la kutosha. Mboga iliyo karibu na jiko huonwa kila siku. Maji ya kuoshea nafaka na mboga hayamwagwi ovyo. Hupelekwa bustanini.

Hatua ya pili ni ua. Walizungushia mabua na matawi ya miba. Bibi Mlezi alisema, "Usigombane na jirani kwa sababu ya kuku. Kuku hajui mpaka. Jenga ua."

Hatua ya tatu ni tuta. Mwaka uliopita Mama Pacha alipanda kwenye mteremko, maji yakazoa mbegu. Safari hii tuta lilipimwa kukingama na mteremko. Upana wake ulikuwa mita moja. Mtu akichutama upande mmoja, mkono wake hufika katikati bila ya kukanyaga udongo. Udongo ulilimwa kwa kina, ukachanganywa na samadi. Debe moja la samadi iliyooza linatosha mita moja ya mraba. Samadi mbichi haifai. Huunguza mimea.

Bibi Shamba alieleza kuwa matuta ni ya namna mbili. Mahali panapotuama maji, tuta huinuliwa. Mahali pakavu, tuta huzamishwa kidogo chini ya usawa wa ardhi ili lishike maji. Sisi wa tambarare tunainua wakati wa masika, na tunazamisha wakati wa kiangazi.

Hatua ya nne ni kupanda. Hapa ndipo kosa la mwaka uliopita liliporekebishwa. Mama Pacha hakumwaga pakiti nzima. Aliigawa mbegu ya mchicha mafungu manne. Alipanda fungu moja, akayafunga mengine katika kitambaa. Baada ya wiki mbili alipanda fungu la pili. Kwa njia hiyo mchicha haukukomaa wote siku moja. Kulikuwa na mwingine unaovunwa na mwingine unaoota.

Mbegu za mchicha ni ndogo sana. Alizichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane. Alizipanda katika mistari, akazifunika kwa udongo mwepesi. Mstari na mstari ulikuwa umbali wa sentimita 20. Kisha alitandaza nyasi kavu juu. Mbegu zilipoota, alizisogeza nyasi pembeni. Mimea ilipokua kidogo, alizirudisha katikati ya mistari. Nyasi hizo huitwa matandazo. Huzuia jua lisikaushe udongo. Huzuia pia matone makubwa ya mvua yasiutimue.

Hatua ya tano ni gunia. Mama Pacha alikuwa na gunia moja kuukuu. Bibi Shamba alimwonyesha kazi yake. Kopo kubwa lisilo na kitako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe madogo. Pembeni hujazwa udongo uliochanganywa na samadi. Kisha kopo huvutwa juu, hujazwa mawe tena, na udongo huongezwa tena. Hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Mawe yaliyo katikati hupitisha maji mpaka chini. Miche ya sukuma wiki hupandwa juu ya gunia, na mingine katika matundu ya ubavuni. Gunia moja linahitaji mahali padogo kama kigoda.

4. SAFARI YA KIHAMBA

Mwezi wa Aprili darasa lilikubaliana kwenda kutembelea bustani za wenzetu mlimani. Tulichanga nauli, tukaondoka asubuhi watu 14. Mama Pacha naye alikuwemo. Alikuwa amefunga kitu katika pindo la kanga yake.

Wachaga huliita shamba linaloizunguka nyumba kihamba. Vihamba vya Kilimanjaro vinajulikana mbali. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Tulipokelewa na babu mmoja na mkewe.

"Shikamoo, Babu," akasema Mama Pacha.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni. Msishangae nyumba kuwa kizani. Tunaishi chini ya miti."

Kihamba ni kama nyumba ya ghorofa. Ghorofa ya juu kabisa ni miti mirefu, kama mringaringa na grevilea. Miti hiyo hutoa kivuli, kuni na mbao. Ghorofa ya pili ni migomba. Chini ya migomba kuna mibuni. Chini ya mibuni kuna magimbi, maharage na mboga. Kila mmea una mahali pake. Hakuna udongo ulioachwa wazi.

Ng'ombe wa Babu alikuwa bandani. Hatoki kwenda malishoni. Hukatiwa majani na kuletewa vigogo vya migomba. Mbolea yake hurudi kwenye migomba. Babu alisema, "Mgomba humlisha ng'ombe, na ng'ombe huulisha mgomba. Mimi ni mchukuzi wao tu."

Mzee Fundi akauliza, "Babu, shamba hili ni ekari ngapi?"

"Usiulize ukubwa, mwanangu. Kilikuwa kihamba kikubwa. Baba yangu aligawa kwa wanawe. Mimi nami nimewagawia wangu. Kimebaki hiki. Ndiyo maana huoni mahali patupu."

Tuliona mfereji mdogo ukipita kando ya shamba. Wenyeji huuita mfongo. Mifongo ilichimbwa na mababu kuyaleta maji kutoka makorongoni. Maji hayo yana zamu. Kila mtu ana siku yake na saa yake. Anayechukua maji ya mwenzake huitwa mbele ya wazee.

Babu alituambia, "Zamani nilimwagilia bila ya wasiwasi. Siku hizi maji yamepungua. Zamu yangu ikiangukia usiku wa manane, naamka usiku wa manane."

Mzee Fundi alishangaa. "Huku ni kijani hivi, nanyi mnalia maji?"

Babu akamwonyesha mto kwa fimbo yake. "Maji yakitoka hapa yanakwenda wapi? Si kwenu? Mimi nikikata mti wa kwenye chanzo, wewe ndiye utakayekauka. Na wewe ukichafua, yuko mwingine chini yako anayekunywa."

Babu hakutuficha matatizo mengine. Bei ya kahawa iliposhuka, watu wengi waling'oa mibuni. Vijana wengi wamekwenda mijini. Kihamba kinataka mikono kila siku, na mikono imepungua. Alisema, "Mnaona uzuri wake. Mjue pia kuwa uzuri huu una kazi."

Bibi wa nyumba ile alitupikia kiburu. Ni ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja na kusongwa. Tulikula chini ya migomba. Baada ya chakula Mama Pacha alifungua pindo la kanga. Zilikuwa mbegu za mgagani.

"Bibi, sikuja mikono mitupu. Mgagani wa kwetu huu. Unavumilia jua."

Bibi alifurahi. Naye alimpa mbegu za mnavu na marando ya matembele. Mzee Fundi alipewa vichipukizi vya magimbi. Ndivyo bustani zinavyotembeleana.

5. TULIYOYALETA NYUMBANI

Mtu akienda ugenini akaona kitu kizuri, hutaka kukichukua chote. Lakini mlimani kuna mvua nyingi na baridi. Kwetu kuna jua na udongo mkavu. Njiani tuliulizana: Lipi linafaa kwetu, na lipi halifai?

Tulikubaliana mambo manne.

La kwanza, kivuli. Hatuwezi kuwa na msitu wa migomba. Lakini mpapai mmoja na mlonge mmoja pembeni mwa bustani hupunguza ukali wa jua. Mpapai hutoa matunda. Majani ya mlonge ni mboga.

La pili, kutotupa kitu. Samadi, majivu, majani makavu na maganda ya ndizi hurundikwa na kufunikwa. Rundo hunyunyiziwa maji kidogo na kugeuzwa mara kwa mara. Baada ya miezi mitatu hivi huwa mboji nzuri.

La tatu, zamu ya maji. Wenye bustani kando ya mfereji wetu walikuwa wakigombana kila kiangazi. Sasa waliandika orodha ya zamu, wakaibandika kwenye mti karibu na mfereji. Kila mmoja anaweza kuisoma. Ugomvi umepungua, kwa kuwa karatasi haina upendeleo.

La nne, kutunza mbegu. Acha mimea michache mizuri ya mchicha, mnavu na mgagani ikomae. Kausha mbegu kivulini. Zitie katika chupa kavu yenye kifuniko. Andika jina na tarehe juu yake.

Mzee Fundi alipanda magimbi yake kwenye jua, katikati ya nyanya. Wiki ya tatu yalikuwa yamenyauka yote isipokuwa moja. Bibi Mlezi alimcheka sana, kisha akamwambia alihamishie nyuma ya bafu, mahali maji ya kuogea yanapotokea. Gimbi likachipua. Mzee Fundi aliandika ubaoni: "Gimbi linataka maji. Nilikuwa sijui. Sasa najua."

6. JUMATANO YA MWISHO WA JUNI

Mwishoni mwa mwezi wa Juni zilitolewa taarifa tena. Mama Pacha alikwenda ubaoni. Safari hii hakuandika maneno mawili. Alinakili hesabu kutoka daftari lake:

Mafungu niliyovuna tangu Aprili: 46.
Tuliyopika nyumbani: 34.
Niliyouza, kila moja Sh. 500: 12.
Fedha niliyopata: 12 x 500 = Sh. 6,000.
Fedha ambayo sikuitoa gulioni: 34 x 500 = Sh. 17,000.

Halafu chini yake aliandika mstari mmoja:

Kadi ya Machi: 9. Kadi ya Juni: 11.

Wenzake waliisoma kwa sauti. Bibi Mlezi alipiga kigelegele.

Mama Pacha akasema, "Muuguzi ameniambia nisiache vidonge. Vidonge na chakula vimesaidiana. Aliniambia pia nisinywe chai pamoja na chakula, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Badala yake nikamulie limau kwenye mboga, au nile papai. Limau na papai husaidia chuma kuingia. Mboga nisiichemshe mpaka ikapoteza rangi. Kisamvu tu ndicho kipikwe sana, kwa kuwa kibichi kina sumu."

Mzee Fundi naye alitoa taarifa. Alisema yule mama ntilie wa stendi sasa hununua nyanya kwake kila gulio. Kila mara humwuliza, "Umepiga dawa lini?" Naye humfungulia daftari, akamwonyesha tarehe.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Vikundi vilikaa, vikasikiliza redio, vikasoma, vikaenda kulima. Miaka mingi imepita. Kazi hiyo bado ipo, na wewe una silaha zake: jembe, daftari na macho yanayojua kusoma.

Ndugu mwanakisomo, taarifa yako ya Jumatano ijayo itasemaje?

MANENO YA KUJIFUNZA

Kihamba: shamba la Wachaga linaloizunguka nyumba.
Marando: mashina yanayotambaa, kama ya viazi vitamu.
Matandazo: nyasi au majani makavu yanayofunika udongo wa bustani.
Matembele: majani ya viazi vitamu yanayopikwa kama mboga.
Mboji: mbolea ya majani na takataka zilizooza.
Siku za kungoja: siku kati ya kupiga dawa na kuvuna.

MASWALI

1. Kwa nini bustani ya Mama Pacha ilishindwa mwaka wa kwanza? Taja sababu tatu.
2. Mzee Fundi alijua kusoma. Kwa nini basi aliuza nyanya zenye dawa?
3. Ungekuwa wewe Mzee Fundi, ungekwenda kwa mama ntilie? Jadilianeni.
4. Kihamba kina ghorofa ngapi? Ni mimea gani inayokaa katika kila ghorofa?
5. Babu alimaanisha nini aliposema, "Mimi nikikata mti wa kwenye chanzo, wewe ndiye utakayekauka"?
6. Umepiga dawa tarehe 3. Karatasi inasema ngoja siku 14. Utaanza kuvuna tarehe ngapi?

KAZI YA KIKUNDI

Chagueni bustani tatu za wanakisomo wenzenu. Zitembeleeni wiki hii. Kwa kila bustani andikeni jambo moja jema la kuiga, na jambo moja la kurekebisha. Mwenye bustani naye aandike. Msiende mikono mitupu: kila mmoja achukue mbegu kidogo za kumpa mwenzake. Tarehe ya kupanda iandikwe juu ya kila kifungu.